Dakika Kumi na Usiku Mzima

Napenda kuwasimulia jambo lililonipata katika likizo ya Juni nilipokuwa kidato cha tatu. Halinipi sifa, lakini lilinifunza maana ya kupima, nami naona si vema kulificha.

Mjomba wangu ana duka dogo la steshenari hapa Peramiho, ambapo watu huja kuchapisha barua na kutoa nakala. Kompyuta yake ni ya zamani, ya kuungwa, yenye prosesa ya Core 2 Duo E6300, aina iliyotoka mwaka 2006. Wateja walisimama wakingoja faili ifunguke, nami nikaona aibu. Nilikuwa nimesoma kwamba prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, yaweza kuongezwa mwendo kupita ule uliopangwa kiwandani. Basi siku moja mjomba alipokwenda Songea mjini kununua karatasi, niliwasha kompyuta nikaingia katika ukurasa wa mipangilio.

Hesabu yake ni nyepesi. Prosesa ile huchukua mapigo ya megahezi 266 na kuyazidisha kwa 7, ikapata 1,862, yaani kama gigahezi 1.86. Mimi niliweka 380 mahali pa 266, ikawa 2,660. Kompyuta iliwaka vizuri. Nikaipima kwa programu iitwayo Prime95, ambayo mwalimu wetu wa kompyuta alinipa katika flashi. Dakika kumi zilipopita bila kosa, nikatosheka. Mjomba aliporudi akasema, "Mjomba, leo kompyuta hii imekula nini? Yakimbia!" Nikacheka tu. Sikumwambia.

Siku ya tatu, saa saba mchana, alikuja mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa. Hesabu zao za miezi sita, za wanachama 28, zilikuwa katika kompyuta ile. Nilipokuwa nahifadhi hesabu za wiki ile, kioo kikaganda. Nikazima, nikawasha, faili haikufunguka tena. Hapakuwa na nakala nyingine ila daftari lao la mkono. Mama yule hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi akauliza, "Sasa mwanangu, watu nitawaambia nini?" Swali lile liliniuma kuliko fimbo.

Usiku ule nilimweleza mjomba yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kuongeza mwendo si kosa. Kosa ni kunificha. Tena ulipima kama mtu anayetaka kumaliza, si anayetaka kujua." Akaniamuru nipime upya mbele ya macho yake.

Hapa yafaa nieleze programu ile. Iliandikwa na Mmarekani George Woltman, ambaye mwaka 1996 alianzisha mradi wa GIMPS wa kutafuta namba tasa za Mersenne. Hizo ni namba tasa kama 7, 31 na 127, zinazopatikana kwa kuchukua mbili yenye kipeo fulani na kutoa moja. Ile iliyopatikana Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320! Katika hesabu kubwa namna hiyo, kosa moja dogo huharibu kazi ya siku nyingi. Kwa hiyo programu ina jaribio la kuitesa mashine: huipa hesabu ambazo majibu yake yanajulikana, kisha hulinganisha. Tena katikati ya kazi hutazama kama kila tokeo li karibu na namba nzima. Tofauti ikizidi 0.4, husimama, kwa maana tokeo lililo katikati ya namba mbili halijulikani ni la upande gani.

Na kwa nini prosesa ikosee? Fikirini mwalimu anayekusanya madaftari kila kengele ikilia. Kengele ikiharakishwa mno, atachukua daftari ambalo sentensi yake haijaisha. Ndivyo ilivyo ndani ya prosesa: pigo la saa hufika kabla umeme haujamaliza kazi yake. Joto nalo huongeza ucheleweshaji huo.

Tulianza kupima saa mbili usiku. Saa nzima ikapita salama. Dakika ya 100, kiini kimoja cha prosesa kilisimama na kuonyesha kosa la 0.5, na kile cha pili kikaendelea kana kwamba hapana neno. Nanyi mwajua usiku wa Juni hapa kwetu ulivyo wa baridi! Sembuse saa saba mchana, na feni imejaa vumbi.

Kesho yake tulisafisha feni, tukashuka hadi 333, yaani 2,331. Mashine ikafanya kazi saa 12, usiku mzima, bila kosa. Nilifurahi, lakini mjomba akasema, "Rudisha 266. Hizi ni fedha za watu." Nilimwelewa. Jaribio halisemi kwamba mashine haitakosea kamwe. Lasema tu kwamba kwa saa hizi na kwa kazi hii haikukosea. Hata Januari 2016 kampuni ya Intel ilikiri kwamba prosesa zake za Skylake zaweza kuganda zikifanya hesabu za Prime95, ingawa hazikuongezwa mwendo. Tangu siku ile hesabu zote dukani huwekewa nakala kila jioni.

Nilichapa upya daftari lile kwa siku mbili. Ukurasa mmoja ulikuwa umelowa mvua ya masika, na malipo ya wiki nne ya mjane mmoja hayakusomeka. Kina mama walikutana, wakakumbushana wiki moja baada ya nyingine, wakamthibitishia haki yake. Mimi nilikaa pembeni nikiandika, nisithubutu kuinua uso.

Wenzangu wa kidato cha nne, mtihani wa Novemba u karibu. Wengi wetu husoma ukurasa mara moja, hufunga daftari na kusema, "Nimeelewa." Hizo ni dakika zangu kumi. Tujiulize maswali magumu sasa, tungali na nafasi ya kusahihisha, na tukiona kosa tulitaje mapema. Mjomba amenirudishia ufunguo wa duka, lakini ilichukua likizo nyingine nzima.