Kugawa Mpira wa Nyuzi

Katika nchi ya Japani uko mpira uitwao temari, maana yake mpira wa mkono. Hapo kale akina mama waliufanya kwa matambara ya kimono zilizochakaa, ili binti zao wauchezee. Mpira wa raba ulipoenea katika zama za Meiji (1868–1912), temari ukaachwa kuchezewa, ukabaki kuwa pambo na zawadi. Wako wanaoufanya hata leo, na mji wa Matsumoto wajulikana sana kwa kazi hiyo.

Mtu auonapo, jicho lake huvutwa na maua na nyota za nyuzi zilizoshonwa juu yake, asifikiri neno jingine. Lakini maua hayo hukaa juu ya mistari iliyotangulia, na kuitia mistari ndiyo kazi iliyo ngumu. Juu ya karatasi mtu hutumia rula na bikari. Juu ya mpira rula haikai. Chombo cha fundi ni ukanda mwembamba wa karatasi, pamoja na pini.

Msichana mmoja wa Matsumoto alikuwa akimfanyia mdogo wake temari wa zawadi ya mwaka mpya, na bibi yake ameketi karibu. Akachoma pini mahali alipopenda, ndiyo ncha ya kaskazini. Akazungusha ukanda toka pini hiyo hata ukairudia, akaukata. Urefu wake sentimita 30. Akaukunja nusu, na lilipoangukia kunjo ndipo penye ncha ya kusini. (Hapo yafaa kupima mara mbili tatu kwa njia mbalimbali, kwa kuwa mpira uliozungushwa kwa mkono hauwi duara kamili.) Akaukunja tena, akapata ikweta. Akaigawa kwa pini 10, akaacha sentimita 3 baina yao, kisha akapitisha uzi wa dhahabu toka ncha hata ncha, ukawa mfano wa chungwa lenye vipande 10.

Sasa alitaka vituo 12 vilivyo mbali sawasawa na jirani zao. Ncha mbili zilikuwa vituo tayari, vilibaki 10. Mafundi wana kanuni: chukua sehemu ya sita ya mzingo, ongeza sehemu ya mia. Kwa mpira ule ni sentimita 5 na 0.3, yaani 5.3. Akapima hivyo toka kaskazini, akachoma pini 5, akiruka mstari mmoja kila mara. Na toka kusini akachoma 5 juu ya mistari aliyoiruka. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba hujihukumu yenyewe, maana kipimo kile kile lazima kitoshe pia toka pini hata pini ya jirani.

Hakikutosha. Kati ya pini ya kwanza na ya pili ukanda ulizidi; kati ya pili na tatu ukapungua. Msichana akataka kuisogeza ile ya pili kidogo.

“Usiiguse, mjukuu wangu,” akasema bibi. “Pini haina kosa. Utazame mstari iliosimama juu yake.”

Akapima kwenye ikweta, akaona mstari wa tatu umepotoka milimita 2. Nao uzi ulikuwa mmoja, ukizunguka mfululizo, hata ilikuwa lazima kuukata toka mstari ule na kuendelea. Na kigurudumuni uzi wa dhahabu ulikuwa umebaki kidogo.

“Bibi, hautatosha.”

“Pima kwanza.”

Akakata, akapima, akapitisha upya. Dhahabu ikaishia ncha ya kusini, mzunguko wa tano ulipotimia. Mizunguko 10 iliyosalia, ya kuunganisha vile vituo, akaitia kwa uzi wa fedha wa bibi yake. Jumla ikawa mizunguko 15 na pembe tatu ndogo 120, zote sawa. Penye vituo 12 zilikutana pembe 10, mahali 20 zilikutana 6, na mahali 30 zilikutana 4. Msichana akahesabu kwa kidole, taratibu, kisha akatunga uzi mwekundu katika sindano.