P0843: Kabla Hujanunua Gia Boksi Nyingine

Wiki hii tunaweka kando mambo ya seva na hifadhidata, tunaingia chini ya boneti. Msiogope, kazi ni ile ile: kuna mashine inalalamika, na kuna mtu anayetakiwa kujua inalalamikia nini.

Gari lenyewe ni la shemeji yangu, mume wa dada yangu. Ni gari dogo la otomatiki lililoletwa kutoka Japani likiwa limetumika, naye hulifanyia teksi hapa Nairobi. Alilinunua kwa mkopo. Siku lisipotembea hakuna kinachoingia, na mkopo haujui kusubiri. Jumatatu moja taa ya injini iliwaka, herufi D kwenye dashibodi ikaanza kupepesa, na gia zikawa zinaingia kwa kishindo. Gereji ya kwanza walichomeka skana, wakasoma msimbo, wakatoa hukumu kwa dakika tano: gia boksi imekufa, tafuta nyingine, shilingi 85,000 pamoja na kazi.

Jioni akanipigia simu. "Shemeji, wewe ni mtu wa kompyuta. Hawa wanasema kompyuta ya gari ndiyo imesema. Hebu njoo uisikie mwenyewe."

Haya, tuisikie. Chini ya usukani kuna soketi ya pini 16. Magari madogo yanayouzwa Marekani yametakiwa kuwa nayo tangu modeli za 1996, na nchi nyingine zikafuata. Ukichomeka kisomaji kidogo cha Bluetooth, simu yako inakuonyesha msimbo. Herufi P ni mambo ya injini na gia. Sifuri inayofuata ina maana kwamba msimbo ni wa kawaida, si wa kampuni moja tu. Ile 8 inakupeleka upande wa gia boksi.

Kuanzia P0840 hadi P0844 ni familia moja, ya sensa ya presha ya oili ya gia. P0840: saketi ya sensa ina kasoro. P0841: kipimo hakiendani na kinachotarajiwa. P0842: umeme wa saketi uko chini. P0843: uko juu. P0844: tatizo linakuja na kupotea. Sisi tulipata P0843.

Umeme wa saketi uko juu. Basi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba gia boksi imekufa.

Sasa tuone huo umeme unatoka wapi. Gia boksi ya otomatiki hutumia presha ya oili kubana klachi zake za ndani. Katika gari hili, presha hiyo inaripotiwa na swichi yenye waya mmoja tu. Kompyuta inaweka volti 5 kwenye waya huo. Presha isipokuwepo, swichi iko wazi na volti zinabaki 5. Presha ikifika, swichi inaunganisha waya na chuma cha gari, volti zinashuka hadi 0. Kwa hiyo P0843 ni kompyuta ikisema: "Niliagiza gia, nikasubiri, na zile 5 hazikushuka."

Washukiwa ni watatu. Kwanza, waya umekatika au plagi imeshika kutu. Pili, swichi imekufa. Tatu, swichi inasema kweli, presha haipo, na hapo ndipo penye zile 85,000.

Je, kile kishindo si ushahidi tosha? Hapana. Kompyuta nyingi za gia, zikipoteza imani na sensa, huingia katika hali ya kujilinda: zinapandisha presha hadi juu ili klachi zisiteleze. Gia zinaingia kwa nguvu. Kishindo kinaweza kuwa kinga, si ugonjwa.

Tukaanza na maswali ya bure. Oili ilikuwa katika kiwango chake, bado nyekundu, haina harufu ya kuungua. (Njia ya kupima hutofautiana, magari mengine injini ikiwa imewashwa, mengine ikiwa imezimwa. Soma kitabu cha gari lako.) Hiyo ilikuwa dalili nzuri, ila dalili si jibu.

Swali la pili lilihitaji multimita tu. Tulichomoa plagi ya swichi, ufunguo tukauwasha bila kuwasha injini, nikapima waya. Kama ungekuwa umekatika njiani, ningesoma 0 pale kwenye plagi. Nilisoma 5. Kumbe umeme unafika.

Swali la tatu ndilo nililolipenda zaidi, maana ni kazi tunayoifanya kila siku tukijaribu programu: ipe mashine ingizo unalolijua, uone itajibu nini. Kwa kipande cha waya nikaunganisha ule waya wa plagi na chuma cha gari, kana kwamba swichi imejifunga. Tukafuta msimbo, shemeji akazunguka mtaa mara moja. Taa ikawaka tena, lakini safari hii msimbo ulikuwa P0842: umeme uko chini. Kompyuta inaona, waya ni mzima. Mshukiwa wa kwanza akaenda nyumbani.

Angalizo: jaribio hili ni la swichi ya waya mmoja ya aina hii tu. Sensa nyingi zina waya tatu, na mmoja wao ni wa kuleta umeme. Ukiunganisha huo na chuma unaweza kuiharibu kompyuta. Bila mchoro wa nyaya, usiguse.

Walibaki wawili, wa bei nafuu na wa bei ghali, na multimita haiwezi kuwatenganisha. Hapo unahitaji geji ya presha inayofungwa kwenye tundu la kupimia la gia boksi yenyewe. Mimi sina. Shemeji akauliza madereva wenzake hadi akaelekezwa kwa mzee mmoja, fundi wa gia boksi tu. Aliinua gari, akafunga geji, akaingiza gia. Sindano ikapanda hadi karibu kPa 900, zaidi ya mara nne ya presha ya tairi la gari dogo, na ikatulia hapo. Mzee akasema, "Klachi inabana vizuri. Huyu mtoto wenu ndiye mwongo," akigonga swichi kwa spana.

Swichi mpya tuliinunua Kirinyaga Road kwa shilingi 4,800. Mzee akachukua 2,500 kwa kazi yake. Msimbo ukafutwa, na sasa ni mwezi wa tatu haujarudi. Kishindo nacho kilikwisha siku hiyo hiyo.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni hili. Tuseme shemeji angekubali kubadilisha gia boksi. Gia boksi hiyo ingekuja na swichi yake, tayari imefungwa. Taa ingezimika, kishindo kingeisha. Fundi angeapa kwamba alisema kweli, shemeji angemshukuru, na mteja anayefuata mwenye P0843 angeambiwa habari ya gari lililopona. Hakuna ambaye angedanganya kwa makusudi. Ukibadilisha vitu kumi kwa pamoja na tatizo likaondoka, hujajua ni kipi kati ya hivyo kumi kilichokuwa kibovu. Tunalijua hilo sisi wa programu, tunaofuta kila kitu na kusakinisha upya, kisha tunasema "ilikuwa virusi".

Basi ukiambiwa gia boksi imekufa, omba uonyeshwe msimbo wenyewe na uuandike. Uliza: mmepima waya? Mmepima presha kwa geji? Imesoma ngapi? Fundi aliyepima atakutajia namba bila kukasirika. Na geji ikionyesha kweli presha haipo, lipa, maana sasa unalipia kitu kinachojulikana.

Kama gari lako limewahi kukupa msimbo wa ajabu, uandike hapo chini pamoja na aina ya gari na mwaka. Tutauchambua pamoja. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.