Maandishi ya Fedha Yaliyonifaa

Nilipoanza kufundisha, katikati ya miaka ya tisini, magazeti yalijaa habari za uchumi, ila uchumi wenyewe haukuwa wa mfukoni mwangu. Tulisoma habari za ubinafsishaji, bajeti, masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi kushuka mbele ya dola. Mwalimu aliyetaka kujua afanyeje na kile kidogo kinachobaki baada ya kodi ya nyumba na ada za wadogo zake hakuwa na ukurasa wake. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, watengenezaji wa gesi, tuliisoma habari hiyo chumba cha walimu tukageuza ukurasa. Hakuna aliyeandika kwamba hata sisi tungeweza kununua.

Andiko la kwanza la fedha lililonifaa lilikuwa daftari. Mama alikuwa mweka hazina wa mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu wa akina mama wa mtaani kwetu. Daftari lake la mistari lilikuwa na majina upande wa kushoto, tarehe juu, na alama ya vema kwa kila aliyetoa. Siku moja nikimsaidia kunakili ukurasa uliolowa, akanizuia mkono.

"Mwanangu, aliyeahidi usimwandike. Andika aliyetoa."

Ukurasa wowote wa daftari lile ulikuonyesha fedha imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, na lini. Mpaka leo andiko lolote la fedha nalitafutia mambo hayo matatu kwanza, na mengi yanaishia hapo.

Kisha vikaja vitabu vya Wamarekani, vingi vikiwa nakala za kurudufu zilizouzwa kando ya barabara. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997, kilipita mikono ya nusu ya walimu niliowafahamu. Kilitufungua macho kutenganisha kinachokuingizia fedha na kinachokutolea. Lakini Kiyosaki anaposema nyumba unayoishi si mali, anazungumza na mtu aliyeinunua kwa mkopo wa benki wa miaka mingi. Sisi tulikuwa tunanunua kiwanja, tunafyatua matofali msimu wa kiangazi, tunapandisha ukuta mshahara ukiruhusu, tunahamia kabla dari halijawekwa. Nyumba ya namna hiyo haidaiwi na mtu, na siku unapohamia unaacha kulipa kodi. Kitabu cha zamani zaidi, The Richest Man in Babylon cha George Clason, cha mwaka 1926, kilitufaa kuliko hicho, kwa sababu kutenga sehemu ya kumi ya kipato kabla ya kutumia kunawezekana popote penye kipato.

Andiko lililobadilisha maisha yangu, hata hivyo, halikuwa kitabu. Lilikuwa kurasa mbili zilizopigwa chapa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa chama chetu cha akiba na mikopo. Mhasibu aliyeziandika alichukua mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi, akaukokotoa kwa njia mbili. Njia ya kwanza, riba inatozwa kwenye mkopo wote kila mwezi hata kama umeshalipa nusu: shilingi 20,000 mara 12, jumla 240,000, na rejesho la kila mwezi ni kama 103,333. Njia ya pili, riba inatozwa kwenye salio lililobaki tu: rejesho ni takriban 94,560, na riba yote haifiki 135,000. Mkopo ni uleule, asilimia ni ileile, tofauti inazidi laki moja. Chini akaongeza kwamba anayelipa kwa njia ya kwanza anadhani riba yake ni asilimia 24 kwa mwaka, kumbe ikipimwa kwa salio ni karibu asilimia 42.

Nilizinakili kurasa zile kwa mkono. Nimezitumia kufundishia vidato vingi, nimewasomea wazazi kwenye vikao vya shule, na mpaka leo sijaona andiko la Kiswahili lililomsaidia mkopaji zaidi ya lile. Lilikuwa na namba zetu, shilingi zetu, miezi yetu. Mwandishi wake hakuwa na cha kutuuzia.

Miaka iliyofuata nafasi za kuweka fedha ziliongezeka kuliko maandishi ya kuzieleza. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT, uitwao Umoja, ulianza mwaka 2005, na mtu wa kawaida akaanza kusikia habari za vipande, yaani sehemu ndogondogo za mfuko anazoweza kununua. Mwaka 2008 hisa za benki ya NMB ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 600 kila moja, na mwaka huohuo huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ikaingia nchini. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma nyaraka zenyewe: waraka wa matarajio, taarifa za hesabu za mwaka, bei ya kipande inavyotangazwa, matokeo ya minada ya hati fungani ya Benki Kuu. Ni maandishi makavu, lakini yanawajibika kwa kila tarakimu.

Mwaka 2009 serikali iliposimamisha shughuli za DECI, taasisi iliyokusanya fedha za watu, nchi nzima ilijifunza somo lingine. Watu walikuwa wanaambiwa wapande mbegu na watavuna. Hesabu ya kuonyesha fedha hizo zinazalishwa wapi haikuwepo, na mavuno ya wa kwanza yalitoka kwenye mbegu za waliofuata.

Leo uhaba umekwisha, yamekuja mafuriko. Kila asubuhi simu yangu inaletewa ushauri wa fedha na watu nisiowajua: picha za magari, semina za kulipia, programu za mikopo ya dakika tano ambazo watu wamezipa jina la kausha damu. Zamani kazi ilikuwa kupata cha kusoma. Sasa kazi ni kukataa. Mimi humsoma anayeweka hesabu kamili nikaweza kuirudia mwenyewe, anayetaja hasara kwa sauti ileile anayotajia faida, na anayeeleza yeye analipwa na nani. Anayenihimiza niwahi kabla nafasi hazijaisha simsomi hata mstari wa pili.

Kwa kipimo hicho, maandishi mazuri ya Kiswahili yapo, ila bado ni machache mno kwa nchi ambayo karibu kila mtaa una kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Kwa hiyo naomba jambo hili kwa wahasibu, maofisa mikopo na waweka hazina, hasa ninyi mliostaafu: andikeni. Chukueni mkopo mmoja, hati fungani moja au kikoba kimoja, kokotoeni mpaka shilingi ya mwisho, kisha bandikeni pale watu wanapopita. Kurasa mbili zinatosha.