Hesabu ya Stead

Ajali kubwa ikitokea, hapa Kibamba hakosekani mtu wa kusema kwamba aliiota. Nikisikia hivyo humkumbuka William Stead, mwandishi wa magazeti wa London aliyezaliwa mwaka 1849.

Mwaka 1885 alifichua biashara ya kuuza wasichana wadogo, akafungwa miezi mitatu kwa mbinu aliyoitumia. Mwaka 1889 alimpa Annie Besant kitabu cha Bibi Blavatsky akihakiki, na mama yule akahamia Theosofia. Stead naye alivutwa na mizimu: alidai mkono wake huandika maneno ya Julia Ames, rafiki yake marehemu. Mwaka 1893 akaanzisha jarida la mambo hayo, Borderland.

Aprili 1912 alikufa katika Titanic. Wengi wakasema alijitabiria, maana mwaka 1886 aliandika hadithi ya meli iliyozama, abiria wakafa kwa uhaba wa mashua.

Mimi sioni utabiri hapo, naona hesabu. Titanic ilibeba watu zaidi ya 2,200, na mashua zake zilitosha 1,178. Je, MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, ikiwa imejaa kupita kiasi, ilihitaji mtabiri gani?

Mizimu haikumzuia Stead kupanda. Hesabu yake ingeokoa wengi, lau ingesikilizwa. Ndiyo maana daladala likifurika katika Barabara ya Morogoro husema, "Konda, gari limejaa." Abiria wenzangu hunicheka, wengine hununa. Nami husema tena.