Vitabu Mia Tatu

Sikuwa nimefika hata robo ya Mzimu wa Watu wa Kale dada yangu aliponitajia muuaji. Kitabu kilikuwa cha kuazima, kilitakiwa kwa mwenyewe Ijumaa, na yeye alikuwa amekimaliza kwa siku mbili huku akipika. Mimi nilikuwa nacho tangu Jumapili. "Kwa mwendo huo utakufa hujajua," akasema. Akalitaja jina, akarudi jikoni kuchuja tui.

Nilinuna. Lakini Alhamisi usiku, kwa mwanga wa koroboi, nilikimaliza, na cha ajabu kilininogea. Wenzangu walimfuata mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wakitaka kujua muuaji ni nani. Mimi niliyekwisha kujua nilibaki kumvizia mtunzi mwenyewe, Muhammed Said Abdulla: anapotupa neno la kweli, kisha analifunika kwa mzaha lisionekane. Hadithi hiyo ilishinda mashindano ya uandishi kabla haijawa kitabu mwaka 1960, na nadhani niliona kwa nini. Basi kitabu kile sikukisoma mara ya kwanza. Nilianzia mara ya pili.

Ikawa ndiyo desturi. Kila kitabu kilichopita mikononi mwetu kilinifikia mwisho wake ukiwa umekwisha kusimuliwa, barazani au njiani kwenda shule.

Uzito wangu wa kusoma unatoka midomoni. Nasoma kwa midomo mpaka leo. Sauti haitoki, lakini kila silabi lazima ipite ulimini kwanza. Nilizoea hivyo chuoni, kwa maalimu wetu pale Tanga, kabla sijaijua shule. Chuoni aliyekimbia ndiye aliyechapwa. Ukila herufi unarudishwa, ukivuta pasipovutwa unarudishwa. Ukihitimu msahafu, watu wakala wali na halua, kesho yake unaanza upya. Hakuna aliyekuuliza, "Si umeshausoma huo, unarudia nini?"

Shuleni mambo yakageuka. Mwalimu wetu mmoja wa Kiswahili alikuwa na saa ya mkononi na mtindo wa kusoma kimya: kurasa tatu, dakika tano, kisha "Funga vitabu!" Mimi niko nusu ya ukurasa wa pili. Aliwahi kuniuliza mbele ya darasa kama nasoma au nashona. Kwa miaka mingi nilifungua ukurasa pamoja na wenzangu hata kama sijaumaliza, nisionekane. Kuna vitabu navijua kurasa za kushoto tu.

Kilichoniokoa ni kazi. Nilipohamia Dar es Salaam nikaingia katika kiwanda kimoja cha uchapaji, kusoma prufu. Tulikaa wawili wawili, mmoja akisoma mswada kwa sauti, mwenzake kidole juu ya prufu. Vijana wepesi walishindwa mapema, maana msomaji wa haraka huliona neno analolitarajia, si lililochapwa. "Maendelo" ikosayo herufi moja alikuwa akiisoma "maendeleo" na kupita. Mimi nisingeweza kupita, ulimi ungejikwaa. Nikawa nalipwa mshahara kwa aibu yangu.

Nilipotimiza miaka 50 nikapiga hesabu, na heri nisingepiga. Kurasa 10 kila usiku, kitabu cha kurasa 200 ni siku 20. Toa siku za homa, za misiba, za umeme kukatika, za kusinzia: labda vitabu 12 kwa mwaka. Mungu akinipa mpaka 75, ni vitabu 300. Nikatazama rafu yangu ya ukutani. Yenyewe tu, kwa ambavyo sijavigusa, ilikuwa inakaribia hapo. Nikaapa kutorudia kitabu tena. Kila ninachorudia kinaua kimoja ambacho sitakisoma kamwe.

Kiapo kilidumu miaka minne. Tulikuwa Tanga kwenye msiba, na siku ya pili, nikitafuta mkeka, nikaikuta sandukuni nakala yangu ya Kusadikika ya shule. Pembezoni nimeandika kwa penseli: "Majivuno = kiburi. MUHIMU." Na wajumbe sita wa hadithi nimewapanga kwa namba: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini. Niliwakariri kama vituo vya basi, kwa ajili ya mtihani, na nikapata alama zote.

Nikaketi juu ya sanduku nikaanza. Karama anashtakiwa kwa sababu ameanzisha mafunzo ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za watu waliotumwa pande zote, mpaka juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mambo ya kuifaa nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Kijana wa penseli aliona safari. Mtu wa miaka 54, aliyekwisha kusoma prufu za ripoti nyingi zilizokwenda kulala kabatini, aliona marejeo. Kitabu kilitoka mwaka 1951, mtunzi wake, Shaaban Robert, akiwa karani wa serikali ya kikoloni papo hapo Tanga. Karani anaandika juu ya mawaziri wa nchi inayoelea hewani, kisha asubuhi anakwenda ofisini! Hilo sikuliandika pembezoni. Nilikimaliza baada ya wiki tatu, na kwenye hesabu yangu nikaandika 299 badala ya 300, bila kinyongo.

Kimoja bado sikigusi: Rosa Mistika ya Kezilahabi. Tulikisoma kwa siri kwa kuwa kilikuwa kimepigwa marufuku shuleni, kikipita kitanda hadi kitanda bwenini, kila mtu usiku mmoja. Ndicho kitabu pekee maishani nilichokisoma mbio. Kipo kwenye rafu, toleo jipya, nimekinunua mwenyewe. Nikikisoma kwa midomo yangu hii pengine nitakuta kitabu kikubwa kuliko nilichokikimbilia. Pengine nitakuta kwamba nilipenda kurunzi na woga tu.

Mwezi uliopita dada alinipigia simu. Ana wajukuu sasa, na mmoja alikuwa amemuuliza habari za Bwana Msa.

"Hebu nikumbushe mdogo wangu, yule bwana wa mzimuni aliuliwa na nani vile?"

Nikamtajia, kwa fahari ya miaka arobaini.

"Ah, siye huyo."

"Ndiye. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Basi nilikudanganya, ili urudishe kitabu cha watu."

Nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Nikainuka kukitoa kitabu rafuni, nikavaa miwani, nikamwambia asubiri kidogo nihakikishe.

"Unaanzia wapi?" akauliza.

"Mwanzo."

"Basi nakata," dada akasema. "Vocha yangu ya shilingi elfu moja."