Uzamivu wa Nchi Kavu

Kiswahili kimeipa shahada ya juu kabisa jina la baharini: uzamivu. Watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Wamewaona wapiga mbizi wakishuka kwa pumzi moja, na wanajua kuwa aliyezama huulizwa ameibuka na nini. Lakini yuko mzamivu ambaye bahari yake ni udongo, naye ni mwanafunzi wa akiolojia.

Bahari ya Abdurahman Juma ilikuwa Unguja Ukuu, kusini mwa kisiwa, palipokuwa na bandari zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Alichimba nyumbani, na tasnifu yake ikatoka mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden. Miaka kumi kabla yake, mwaka 1994, Felix Chami alikwisha kupita njia hiyo hiyo, kwa tasnifu kuhusu pwani ya Tanzania katika milenia ya kwanza. Ni ajabu kwenda kwenye theluji ili kupata idhini ya kuusemea mchanga wa kwao. Ila wahenga walinena, mgagaa na upwa hali wali mkavu.

Waliibuka na nini? Vigae. Kabla yao, wataalamu kama Neville Chittick, aliyechimba Kilwa na kuchapisha kitabu chake mwaka 1974, waliwapa wageni nafasi ya mbele katika habari za miji ya pwani. Vyombo vya Uajemi na vya China viling'aa machoni, na tarehe zake zilijulikana. Vipande vya vyungu vya kupikia, vilivyo vingi kupita vyote, vilitegewa sikio dogo.

Mzamivu hana ruhusa ya kudharau kipande. Hukiosha, hukipa nambari, hukikagua ukingo na michoro, siku baada ya siku, hata mgongo ukamwuma. Ndipo vigae vikasema. Pembetatu zilizochorwa shingoni mwa vyungu zimekutwa tangu Lamu hadi Msumbiji na Komoro. Pwani nzima ilikuwa na mkono wake yenyewe, na merikebu za Ghuba ziliukuta ukifanya kazi. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa wengi wa waliozikwa katika miji hiyo walichanganya nasaba ya Afrika na ya Uajemi. Naam, mgeni alikuja. Lakini hakuikuta nyumba tupu.

Hata hivyo, shahada hiyo huacha deni. Tasnifu zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, ilhali mkulima anayeinua kigae kwa jembe huko Unguja Ukuu hakizungumzi Kiingereza na shamba lake. Mpiga mbizi hasifiwi angali chini ya maji. Siku kurasa hizo zitakaposomwa kwa lugha ya wajukuu wa wafinyanzi, ndipo mzamivu atakapokuwa ameibuka.