Tutengue, Tusilemaze

Neno moja limenisumbua tangu nianze kuwafundisha vijana wa hapa Dodoma mfumo wa Linux: kulemaza. Tafsiri nyingi za programu hulitumia kwa kitendo cha kuizuia huduma isianze kazi. Lakini kulemaza ni kumtia mtu kilema. Tulipokuwa tukiiondoa NetworkManager, huduma inayosimamia mtandao katika kompyuta nyingi za Linux, mwanafunzi mmoja anayetembelea magongo aliniuliza, "Mwalimu, imekosa nini hata tuilemaze?" Wenzake walicheka, yeye hakucheka.

Huduma ile haina kosa. Inaifaa kompyuta ya mkononi inayohama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kompyuta ya mezani iliyounganishwa kwa waya mmoja yaweza kutoshelezwa na systemd-networkd, iliyo nyepesi zaidi.

Amri za kuiondoa ni tatu, wala hazilingani. Stop huikomesha kwa sasa. Kompyuta ikiwashwa upya, hurejea. Disable huiondoa miongoni mwa huduma zinazoanza zenyewe, ingawa bado yaweza kuitwa. Mask huiziba kabisa, isianzishwe na yeyote mpaka zuio liondolewe.

Sisi wakazi wa makao makuu ya Serikali maneno haya twayasikia kila mara katika taarifa ya habari. Mtumishi husimamishwa kazi, naye aweza kurudi. Uteuzi wa kiongozi hutenguliwa, naye aweza kuitwa tena. Jambo lisilotakiwa kabisa hupigwa marufuku. Basi na tuseme simamisha, tengua, piga marufuku. Na kinyume cha tengua kiwe teua. Hata udhu hutenguka, na mwenyewe akabaki mzima.

Tahadhari ni moja: serikalini mrithi aweza kutangazwa baadaye, lakini katika kompyuta faili la mipangilio ya mrithi liandikwe kwanza, ama sivyo mtandao utakatika.

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Maneno ya programu huria huchaguliwa na watu, na watu waweza kuyabadili. Malenga wenzangu, tuyapendekeze yaliyo bora. Lemaza ina mizani tatu, tengua nayo tatu. Hakuna ubeti utakaopungukiwa.